Mama wa Bati

Jeff alipofika Asumbi kumfuata mkewe, mama mkwe wake Truphena alikuwa jikoni, na huko ndiko alikotakiwa kukaa. Kwa Wajaluo, mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja. Huheshimiana kwa mbali, na avunjaye mwiko huo hujitafutia balaa. Basi Jeff aliketi sebuleni, Truphena akabaki na moshi wake, na Roselyn, mama wa jumuiya ya kanisani aliyekuwa mshenga wa ndoa hii, akawa anavuka ua na maneno, huku na huku, kama mtu anayechota maji.

Edinah alikuwa kando ya mama yake, akichambua mboga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na alama nyekundu iliyopinda kama ukingo wa sufuria. Na kweli ulikuwa ukingo wa sufuria. Kule Masara walikoishi, shimo la dhahabu la Jeff lilijaa maji tangu Pasaka, na sasa Edinah ndiye aliyeshinda juani akiponda mawe ili watu wale. Jumatatu alichelewa. Jeff akamshika mkono, akaubandika kwenye sufuria ya moto, eti akumbuke saa.

Ilikuwa mara yake ya tatu kukimbilia nyumbani. Mara mbili za kwanza Truphena alimwombea, akamfungia kuku wa kubeba, akamrudisha. Nyumba haijengwi na miguu inayokimbia, ndivyo alivyomwambia.

Roselyn akaingia akijifuta jasho. Alieleza kwamba Jeff amekubali kosa, ila naye ana lake: hakupewa mke aliyeahidiwa. Kisha akasita, akamwita mama wa Edinah kwa Kijaluo.

"Min Edinah, usinikasirikie. Anasema ni wewe ulimwonyesha lile bati."

Bati lenyewe lilikuwa ukutani sebuleni, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Marehemu Stanley, mumewe, alisambaza mafuta ya kupikia kwa lori tangu miaka ya sabini, na kampuni ilipobadilisha matangazo akabeba moja la zamani, la bati, nyumbani. Mwanamke wa aproni nyeupe, nywele zimelala vizuri, ameinama na sinia ya chapati mbele ya mume anayesoma gazeti. Chini yao imeandikwa: MUME AKIRUDI, MEZA IWE TAYARI. Nyumbani walimwita Mama wa Bati. Ugali ukiungua, Stanley hakupiga kelele; alitazama ukutani tu. Truphena aliogopa macho yale kuliko kofi. Binti yake naye akamlea vivyo hivyo: je, Mama wa Bati angeacha vyombo hivi?

Siku ya mahari wageni walipouliza tabia ya binti, alimtuma Roselyn awaonyeshe bati, awaambie mama yake amemlea hivyo. Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Jeff akalipiga picha.

"Bado iko kwa simu yake," Edinah alisema bila kuinua kichwa. "Nikichelewa ananifungulia. Ananiambia, ona, mama yako ndiye alisema."

Truphena alishika rozari mfukoni, lakini sala haikuja. Miaka zaidi ya arobaini amefagia chini ya mwanamke yule, na hakuwahi kujiuliza mbona hana moshi machoni, maji amechota saa ngapi, mtoto amemwachia nani. Na yule mume, hata sinia haitazami.

Roselyn akauliza apeleke jibu gani.

"Nitalipeleka mwenyewe."

"Kwa mkwe? Umezeeka mpaka umesahau mila?"

Truphena alikuwa ameshavuka ua. Jeff alipomwona mlangoni aliruka, akageuza uso ukutani kwa adabu. Mtu aliyeunguza mkono wa mkewe, leo aona haya kumtazama mama wa mke huyo.

"Keti, Jeff. Niliposema nimemlea hivyo, nilidanganya. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwa hivyo hata siku moja. Niliogopa tu. Nikamfundisha mtoto kuogopa, nikaita malezi. Dhambi hiyo ni yangu, nitaiungama. Lakini ule mkono ni juu yako. Edinah harudi."

Jeff alijibu akitazama sakafu, sauti ya chini, ya heshima kabisa.

"Sawa, mama. Edinah abaki. Ila Liz ni wa kwetu, ng'ombe za mahari zilikuja hapa. Ako na miaka saba. Atajifunza kupika."

Liz ndiye mtoto wao wa pekee. Edinah alipotoroka alfajiri alimwacha amelala kwa mama yake Jeff. Jeff akaaga, akasema anapitia Homa Bay kumwona mtu wa pampu ya maji kabla ya kurudi Masara.

Truphena akarudi jikoni. Edinah alikuwa amesikia yote. Mboga zilikuwa chini.

"Liz anatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Vaa viatu. Tunaenda kumchukua Liz kwao kabla Jeff hajarudi."

Roselyn akashika kichwa. Mama haingii boma la mkwe kabla hajaalikwa rasmi. Watu watasema nini, na chira, laana ya kuvunja mwiko, ikimshika mtoto je? Truphena alimsikiliza mpaka mwisho, maana maneno hayo naye aliyaamini, kisha akamwagia moto maji.

Edinah alikuwa amevaa kiatu cha kushoto. Cha kulia alikuwa amekishika tu.

"Na wakikataa, mama?"

Truphena alipiga magoti pale kwenye jivu, akamvisha kiatu, akafunga kamba, maana mkono mmoja usingeweza.