Baba Asiyewahi Kuugua

...na kweli hakuugua, si uongo, Bhoke anajiambia, mkono umelazwa mezani, mpira umeubana juu ya kiwiko, angeuguaje mtu ambaye hakuzaliwa, maana nyanya Weisiko hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akamwoa mama kwa jina la mwana asiyekuwepo, na mwana huyo ndiye baba, mwingine hatajwi, hivyo ndivyo nyumba yao inavyosimama kule Ntimaru, lakini huku mjini Migori nani ataelewa... "Basi mum, kama baba alikuwa sawa," anasema Dorah, muuguzi wa utafiti, akipapasa mshipa, "inakaa hii shida ya moyo na mapafu ilitoka kwa mama," ...kwa mama? mama anayepanda kilima hadi leo na kuni kichwani huku akiimba, ndiye aliyemuua Robi, dada yake Bhoke, aliyekufa juzi tu baada ya kujifungua, akihema kama aliyekimbizwa na kumbe amelala, jamani, na sasa Scovia, binti wa Bhoke mwenyewe, ameacha kuruka kamba, akipanda ngazi za kanisa midomo inageuka zambarau, na Dorah alishasema wazi kwamba utafiti si dawa, ila wakijua ugonjwa unapitia wapi watajua nani apimwe mapema... unapitia wapi, Bhoke anajua, kijiji kizima kinajua, ulipitia kwa Matiko, jirani, mwenye masikio kama ya Robi, aliyekuwa akisimama njiani ameshika kifua, watu wakamcheka mvivu, Bhoke naye akacheka, hadi alipoanguka shambani asiinuke, Bhoke akaenda matangani na mzigo wa kuni kama jirani yeyote, akapika, akaosha sufuria, akarudi kwake... lakini kumtaja ni kumnyang'anya nyanya nyumba aliyoijenga kwa ng'ombe wake, ni kumvua mama nguo mbele ya ukoo, watamwita Bhoke mlaaniwa, na wamwite, mficha maradhi kilio humfichua, nao wameshalia mara mbili... "Kunja ngumi, mum," ...anakunja, atasema, jina litatoka hapa hapa kwa ajili ya Scovia, wamfukuze wakitaka, ila mbona machozi yanamlengalenga, na si ya Robi, si ya Scovia, Mungu wangu, ni ya yule mzee, mbona hakumlilia, baba yake alizikwa na yeye yuko jikoni anageuza ugali... "Usiogope, haiumi sana," Dorah anasema, bado anautafuta mshipa.