Vinundu Mkononi mwa Seremala

Mzee Seremala, kama mtaa mzima ulivyomwita hata baada ya kustaafu, alianza kumshuku mkamwana wake siku kinundu cha tatu kilipotokea. Cha kwanza kilitoka kidoleni, cha pili juu ya kifundo cha mkono, na sasa hiki karibu na kiwiko, vimejipanga kama vifungo vya shati. Haviumi. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Kila asubuhi mkamwana alimpaka dawa ya krimu ya tubu, na vinundu vikazidi kunenepa.

"Dawa hii umeitoa wapi?"

"Duka la dawa, baba. Si nilikwambia?"

"Mbona inazidisha?"

"Vumilia kidogo."

Vumilia! Si yeye aliyesema juzi kwamba karakana yake ya uani, ambamo bado alichonga mbao, ingefaa kuwa chumba cha watoto? Mzee akaanza kunusa chai kabla ya kunywa. Mara nyingine aliimwaga dirishani. Mwishowe akaificha ile tubu ndani ya soksi, akaaga kwamba anakwenda kununua misumari, akashika njia ya hospitali.

"Kuna mtu ananidhuru," alimnong'oneza daktari wa ngozi, mama wa makamo, na kuweka soksi mezani.

Daktari akaisoma tubu. "Hii imekuzidishia kweli. Inapoza mwasho, lakini inaipumbaza kinga ya ngozi."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ila haikukuletea ugonjwa. Ulichomwa na kibanzi hivi karibuni?"

Akakumbuka. Miezi miwili nyuma, ubao uliooza. Kibanzi alikitoa kwa meno, akaendelea na kazi.

Wakamkata kipande kidogo cha ngozi. Wiki tatu baadaye maabara ikajibu: aina adimu ya kuvu inayoishi kwenye mbao zilizooza na udongo. Angemeza vidonge kwa miezi sita.

Jioni alimweleza mkamwana yote, macho yakiwa sakafuni.

"Nilijua tubu imepotea," mkamwana alisema. "Na chai nilikuona ukiimwaga."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini ukaniamini?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimesikia, baba." Akamwekea kidonge kiganjani na glasi ya maji.

Mzee akakigeuza kidonge upande huu na huu kabla hajajizuia. Mkamwana alikuwa anamtazama. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akakimeza bila maji.