Matundu Sita ya Kishikio

Njiti ya kwanza ilitoka nzima. Niliichokoa kwa ncha ya msumari kutoka kwenye tundu la skrubu, nikaiweka kiganjani: nyeusi, laini, imelowa kama kipande cha muhogo kilicholala majini. Waridi alikuwa amekaa kwenye stuli yangu akinywa chai, mkono wake wa kulia umelala pajani, anatazama magari ya Waiyaki Way. Nilifunga ngumi haraka. Miaka miwili nilikuwa nimemwomba Mungu mashua ile isirudi karakana kwangu, na sasa ilikuwa imerudi, na aliyeileta ni yule yule ambaye nilikuwa siwezi kumtazama usoni.

Mimi ni fundi wa mbao, hapa Uthiru. Vitanda, kabati, milango. Ufundi niliupata kwa baba yangu, Musembi, kule Kangemi, na somo lake la kwanza lilikuwa la njiti za kiberiti. Skrubu ya bawaba ikilegea kwenye kabati, unavunja vichwa vya njiti tatu nne, unazipaka gundi nyeupe, unazishindilia tunduni, kisha unakaza. Nusu ya milango ya Kangemi ilisimama kwa njiti za Baba, naye alijivunia hilo kama mzee aliyesomesha watoto wote mpaka chuo. "Njiti haijawahi kuniaibisha," alikuwa akisema. Ni kweli, haikuwahi. Ila Baba hakuwahi kutengeneza mashua.

Nani angetengeneza mashua Uthiru? Mimi nisingeiona maishani kama si Twahir, mume wa Waridi. Ana duka la vipuri vya cherehani mjini, mtaa wa Biashara. Wakati ule mfuko wa shati lake haukukosa bisibisi ndogo yenye mpini wa manjano. Washonaji walimletea mashine zilizogoma, akazifungua palepale juu ya kaunta huku akiwapigia soga. Ni mzaliwa wa Lamu. Mtu wa huko akikaa Nairobi miaka ishirini huanza kuota maji, na huyu aliota mpaka akanunua kimashua cha plaiwudi kutoka kwa familia iliyokuwa inahama Loresho. Urefu wake ni kama vitanda viwili. Kililetwa kwangu juu ya pikapu, na majirani wote wakatoka kukitazama.

"Nzisa, gharika inakuja lini?" aliniuliza Mbuthia, muuza mabati wa jirani. "Niambie mapema nipande na mbuzi zangu."

Ubao wa juu wa mashua, ule Twahir aliouita sitaha, ulikuwa umejaa matundu ya skrubu za zamani, ishirini na manne kwa hesabu, yote yamepanuka na kulegea. Twahir alinionyesha moja baada ya jingine.

"Hapa usitie njiti wala unga wa mbao, fundi," alisema. "Maji yakiingia ndani ya plaiwudi yaiozesha kimyakimya, wewe huku juu waona rangi nzuri tu. Lipanue tundu, lijaze gundi hii ya mikebe miwili, ingoje iwe jiwe. Kisha toboa upya katikati ya gundi. Hapo skrubu haigusi mbao, na maji hayana njia."

"Sawa, Baba Safa. Hiyo ni kazi rahisi."

"Na kukaza nitakaza mwenyewe. Nataka mkono wangu uwemo."

Ilikuwa Julai, na Julai ya Uthiru jua linaweza kupotea wiki nzima bila kuaga. Matundu kumi na nane niliyafanya vile vile alivyoagiza. Yalibaki sita, ya kishikio cha upande wa kulia, ule ubao ambao mtu huushika anapoinuka kushuka. Hapo gundi ilikataa kukauka. Ijumaa asubuhi niliigusa ikanifuata kidoleni kama uji wa jana. Nilipaswa kuikwangua yote, nichanganye nyingine, ningoje siku mbili zaidi. Lakini Twahir alikuwa anakuja kesho yake, na Janice wa Kangemi alikuwa ananipigia simu kila saa kuhusu kitanda chake cha harusi. Niliikwangua, hilo nililifanya. Kisha nikafungua kiberiti.

Sikujiambia kwamba nadanganya. Nilijiambia kwamba baba yangu si mjinga. Njiti nne kila tundu, gundi nyeupe, puti, msasa, mikono miwili ya rangi ya buluu. Ukitazama hungejua tundu lipi ni lipi. Jumamosi Twahir alikaza skrubu zake zote, ulimi umechomoza pembeni mwa mdomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika.

"Zashika, wallahi!" alisema alipofika kwenye kishikio cha kulia.

"Si nilikuambia?" nikamjibu.

Wiki ya tatu kishikio kiling'oka. Walikuwa wamekwenda kwenye bwawa moja upande wa Kikuyu. Waridi aliinuka ili ashuke, akakishika, kikabaki mkononi mwake pamoja na skrubu zote sita, naye akaanguka kati ya mashua na ukingo wa mawe. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika mara mbili. Kilipona, lakini kilipona upande. Na Waridi kazi yake ilikuwa kuchora hina kwenye saluni ya Nanjala, pale Kenyatta Market. Maharusi walimfuata hata kutoka Thika, kwa sababu mstari wake ulikuwa mwembamba kama unywele na haukutetema. Baada ya hapo ulitetema. Siku hizi huwakorogea hina wasichana wengine, wao wakachora.

Twahir alikuja karakana wiki hiyo hiyo. Nilimwona akivuka barabara, nikajua nimekwisha. Laiti angekuja kunitukana.

"Ni mimi, fundi," alisema, hata chai hakutaka. "Nilizikaza kupita kiasi. Nilijiona mjuzi. Nimemvunja mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe."

Nafasi ilikuwa pale, ya sentensi moja tu. Badala yake niliokota kipande cha msasa, nikaanza kusugua ubao uliokuwa tayari laini, nikasema, "Eeh, ukikaza sana, skrubu inakula mbao. Hufanyika."

Hufanyika! Kila nikilikumbuka neno hilo natamani kuingia chini ya meza yangu ya kazi nisitoke. Kunyamaza ni kosa, na ningelibeba. Mimi sikunyamaza. Nilimtwika mtu mzigo wangu, nikamsaidia na kuuweka sawa kichwani.

Mashua aliifunika turubai nyuma ya nyumba, hakuisogelea tena. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda mjini kununua bawaba, nikapita karibu na duka lake. Mfukoni mwa shati mlikuwa na kalamu peke yake. Mshonaji mmoja aliweka cherehani juu ya kaunta, na Twahir akamwelekeza kwa fundi wa duka la tatu. "Mikono yangu si ya kuaminiwa," nilimsikia akisema. Niligeuka nikarudi nilikotoka bila kumsalimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Hawakusema ukiuziba kwa njiti za kiberiti utajenga nini.

"Yeye hajui kama nimeileta huku," alisema Waridi sasa, nami ngumi bado nimeikunja. "Nataka umtengenezee, kisha nimpeleke aione. Hata kitasa cha chumbani kikilegea, Twahir aita mtu. Ndugu yangu Muzammil hamsalimii mpaka leo. Amwambia kila mtu kwamba Twahir ndiye aliyenivunja, naye akubali tu. Nimechoka kumwona akikubali."

Nilifungua ngumi.

"Mama Safa, si yeye," nilisema. "Ni mimi. Hizi shimo sita niliweka njiti. Aliniambia nisiweke. Gundi ilikataa kukauka nikaona nitachelewa. Na alipokuja kusema ni yeye, nikamwachia iwe yeye."

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaichukua ile njiti, akaigeuza.

"Hiki ni kiberiti?"

"Ni kiberiti."

Aliendelea kuigeuza mpaka chai ikafanya utando. Nilisubiri matusi na hayakuja, na machozi yalikuwa yangu, si yake.

"Kuhusu mkono huu nilishazungumza na Mola wangu zamani," alisema mwishowe. "Lakini miaka miwili ya Twahir si yangu, siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Nenda ukamwambie. Leo. Na hizo njiti uende nazo."

Nilizichokoa zote, nikazifunga kwenye gazeti, nikaenda mjini na nguo zangu za kazi. Twahir alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuswali alasiri. Nilizimwaga juu ya kaunta, pale pale alipokuwa akifungulia mashine, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Alizitenga moja moja kwa kidole.

"Siku ile nilipokuja kwako," aliuliza, "ulikuwa wajua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia nilikaza sana."

"Ndio."

Mteja aliingia kuulizia sindano za cherehani. Twahir akamhudumia, akamfungia, akamuaga vizuri. Kisha akanigeukia.

"Jumamosi nitakuja. Usiguse kitu mpaka nije."

Nilikuwa nimefika nje ndipo nilipotambua kwamba hakuniita fundi.

Jumamosi alikuja na mikebe yake miwili ya gundi. Alishika drili mwenyewe. Kwenye tundu la kwanza drili ilimcheza, nikanyoosha mkono nimsaidie kuituliza; akautazama mkono wangu mpaka nikaurudisha. Aliyapanua matundu yote sita hadi kwenye mbao safi, akatoa bisibisi ya mpini wa manjano mfukoni, akachokoa vumbi lililobaki kila tundu. Akachanganya gundi, akajaza.

"Itachukua mpaka kesho, kuna baridi," nilimwambia. "Unaweza kwenda nyumbani. Nitailinda."

"Nitangoja," alisema. Akavuta stuli yangu, akakaa kando ya mashua mpaka adhana ya magharibi ikamwinua. Jumapili nilipotoka kanisani, yeye na Waridi walikuwa tayari wamesimama mbele ya mlango wangu uliofungwa.

Gundi ilikuwa jiwe. Alitoboa katikati, akaweka kishikio, akakaza skrubu sita taratibu, ulimi pembeni mwa mdomo. Waridi akakishika kwa mkono ule ule wa kulia, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mashua nzima ilitikisika juu ya magogo.

"Kimeshika," alimwambia mumewe.

Twahir aliitikia kwa kichwa. Kisha akazunguka upande wa pili, akakishika kishikio cha kushoto, akakivuta. Akaenda kwenye pete za kamba, akazivuta. Akaijaribu skrubu moja baada ya nyingine, zote kumi na nane, na kwa kila moja aliinama akasikiliza. Zile nilizifanya sawa. Nilisimama kando nikamwacha azimalize.