Nyayo Katika Theluji

Agatha alishuka Masasi kutoka Newala msimu ambao mabibo yalikuwa yanaoza chini ya mikorosho na wanunuzi binafsi wamejaa kila njia panda na mizani yao. Hakushuka kwa biashara. Binti yake Flora, aliyeolewa Mkomaindo, alikuwa amejifungua mtoto wa pili na alihitaji mtu wa kumkanda. Agatha alikuja na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, na kuku aliyefungwa miguu, akapewa chumba cha uani.

Ilikuwapo sababu nyingine ya kushuka, ila hiyo hakumwambia mtu. Zamani, vita vya Msumbiji vikiwa vimepamba moto, mumewe Yohana alivuka Ruvuma na mzigo wa chumvi na vitenge, akasema atarudi kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena, mpaka Flora akawa mwari, akaolewa. Vita vyenyewe viliisha, wakimbizi wakarudi kwao. Yohana hakuonekana, wala hakupatikana mtu wa kusema nilimwona mahali fulani. Sasa mama yake Yohana, Bibi Ida, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alitaka yawekwe matanga.

"Nataka kumlilia mwanangu ningali na machozi," alisema.

Shemeji Cuthbert, mdogo wake Yohana, alimuunga mkono. Agatha alikataa. Kumlilia mtu ambaye kaburi lake halijulikani, kwake, ilikuwa sawa na kumchimbia. Alijibu kwa ukali kuliko alivyokusudia. Siku Agatha alipopanda basi la Masasi, yeye na Bibi Ida walikuwa wanapeana chumvi na maji bila kutazamana.

Jumapili moja alasiri Flora alimwona mama yake amekaa kwenye kizingiti, chungu cha maji ya kukandia kimeshaoshwa na hakuna la kufanya.

"Mama, toka kidogo. Pale kwenye banda la video kuna katuni ya Kijapani."

"Katuni si za watoto?"

"Watoto waliiona juzi wakasinzia. Watu wazima ndio waliobaki wanabishana mpaka sokoni. Nenda, wifi yuko hapa. Ambrosi ndiye anayetafsiri."

Ambrosi alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Flora, kijana wa Lulindi aliyesoma misheni na kujua Kiingereza vizuri. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akisoma maandishi yaliyopita chini ya picha na kuyasema kwa Kiswahili, akiongeza chumvi pale alipoona watu wanapiga miayo. Wengine walilipa kiingilio kumsikiliza yeye tu.

Banda lilikuwa la makuti, madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho ili giza liingie. Agatha alikaa benchi la nyuma. Alitarajia wanyama wanaozungumza. Akaona badala yake nyumba ya mbao chini ya mlima, na vitu vyeupe vinadondoka kutoka mbinguni kama sufi iliyopasuka.

"Hiyo ni theluji, ndugu zangu," Ambrosi alisema. "Ni barafu inayonyesha. Ukilala nje, hawakukuti mzima asubuhi."

Ndani ya nyumba aliishi mwanamke ambaye watazamaji walimwita Dada, kwa sababu jina lake la Kijapani halikukaa ulimini. Kaka yake alipanda mlima kwenda kujenga reli, akiwa amevaa viatu vipya na kumwachia Dada viatu vyake vya zamani, vikubwa, alivyovivaa Dada kwendea kisimani. Miaka ikapita. Dada akaota mvi. Kisha jioni moja mlango ukafunguka na Kaka akaingia, uso wake ni uleule, hata unywele mmoja haukubadilika. Wakala pamoja. Kuanzia hapo alikuja kila jioni. Majirani walipopita dirishani walimsalimu Dada, wakamuuliza habari za kuni na baridi, lakini hakuna hata mmoja aliyemsalimu Kaka.

Agatha aliacha kuegemea ukuta.

Mwisho wa filamu haukuwa na maneno. Dada alipakua uji katika bakuli mbili, akaziweka mezani. Picha ikatoka nje, ikakaa juu ya mti uliokuwa unadondosha maji, maana theluji ilianza kuyeyuka. Iliporudi ndani, chumba kilikuwa kitupu. Bakuli zote mbili zilikuwa zimekwisha. Mlango ulikuwa wazi, na kuanzia kizingitini zilikwenda nyayo za mtu mmoja, nyayo kubwa za viatu, mpaka zikapotea kwenye mteremko. Basi.

Watu wakaguna. Ndipo Ambrosi akainua kipaza sauti.

"Ndugu watazamaji, Kaka alikufa siku nyingi kule mlimani. Dada akili zimemruka. Uji wote kala mwenyewe. Sasa ameondoka na viatu vya marehemu, na huko anakokwenda harudi. Asanteni."

Watu walitoka wametosheka. Agatha alibaki kwenye benchi mpaka aliyekuwa anafagia alipomfikia miguuni.

Kesho yake asubuhi alimkuta Ambrosi barazani kwake anakunywa chai kwa muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali. Yale maneno ya mwisho uliyasoma wapi?"

Ambrosi aliweka kikombe chini. "Hayakuandikwa, mama. Pale mwisho Wajapani hawakuandika kitu."

"Sasa nani alikwambia kuwa yule kaka amekufa?"

"Siku ya kwanza nilikaa kimya, wakanizomea. Wanasema wamelipia mpaka mwisho. Nikatafuta mwisho." Alifikiri kidogo. "Lakini sikuubuni tu. Majirani hawamsalimu. Hazeeki. Mtu mzima atakosaje kuzeeka?"

"Nataka kuiona tena."

Ambrosi angeweza kumwambia arudi jioni na kiingilio chake. Labda aliona uso wake, au labda naye swali lilikuwa linamkereketa. Alichukua ufunguo, wakaenda bandani. Akaisogeza kanda mpaka karibu na mwisho. Wakakaa wawili kwenye benchi la mbele, bila kipaza sauti, deki ikinguruma.

"Simamisha hapo," Agatha alisema zilipotokea bakuli. "Mtu mmoja anakulaje bakuli mbili wakati mti bado unadondosha maji? Hata muda haukupita."

"Katuni, mama. Muda wanauchora wanavyotaka."

"Na zile nyayo ni za mwanamume."

"Ni viatu vya kaka yake. Alikuwa anavivaa kwendea kisimani, umesahau?"

Agatha alikuwa amesahau. Nyayo zilikuwa zinatetemeka kwenye kioo kwa sababu kanda ilikuwa imesimamishwa, zikionekana kama zinataka kuendelea.

"Kwa hiyo zinaweza kuwa zake," alisema.

"Zinaweza kuwa zake, zinaweza kuwa za kaka. Nikueleze jambo, mama? Nilipoiona mara ya kwanza, peke yangu, sikudhani kaka ndiye aliyekufa. Nilidhani ni dada. Nilidhani kafa kwa baridi kabla yule hajarudi, na kaka ndiye anayekaa mle ndani akimkumbuka. Siku ile asubuhi anakula chakula chake na cha marehemu, anavaa viatu, anaondoka."

"Na majirani wanaomsalimu dada?"

"Hapo ndipo panaponishinda. Ndiyo maana sikuwaambia watu mwisho huo. Ule mwingine ni mwepesi kumeza."

Walirudisha kanda tena. Agatha alitazama kila kitu: meza, vijiko, mvuke wa uji, mkono wa Dada ukipangusa ukingo wa bakuli ya pili kwa kidole, taratibu, kama unavyompangusia mtu unayemjali. Aliitafuta alama moja ya kumnyamazisha Ambrosi, na akajua pia kwamba anaogopa kuipata alama ya kumnyamazisha yeye. Hakuipata hata moja. Aliyeichora alikuwa ameacha njia zote wazi kwa makusudi.

"Huyu mtu aliyetengeneza hii alikuwa na shida gani?" aliuliza. "Si angesema tu."

"Pengine hakujua."

Agatha aligeuka kumtazama. Ambrosi hakuwa anatania.

"Pengine na yeye alikuwa na mtu wake," Ambrosi aliendelea, "hajui yuko wapi. Akachora anachokijua, akaacha asichokijua."

Agatha alikuwa anamfikiria Bibi Ida, na ilimshangaza kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa amemwona yule mzee kama mtu aliyekata tamaa mapema. Mimi namngoja, yeye amemzika, ndivyo alivyojiambia. Kumbe walikuwa wamekaa mbele ya mlango mmoja, wakitazama nyayo zilezile. Yeye aliona mtu anayetembea. Mama mtu aliona mtu aliyekwisha kwenda. Hakuna kati yao aliyesema uongo, na hakuna aliyekuwa na maandishi ya kusoma chini ya picha.

"Asante, mwanangu," alisema, akasimama. "Ukiionyesha tena, usiwaambie amekufa."

"Niwaambie yu hai?"

"Usiwaambie kitu. Waache wazomee watakavyo."

Mtoto alipodondoka kitovu na Flora akawa anatembea vizuri, Agatha alipanda basi kurudi juu Newala. Alimkuta Bibi Ida amekaa uani anabangua korosho kwa kupapasa, vidole vyake vimechubuliwa na mafuta ya maganda. Alikaa mkekani kando yake, akachukua jiwe na yeye.

"Mama," alisema baada ya kubangua kidogo. "Mwambie Cuthbert aweke matanga."

Bibi Ida aliacha kazi. "Umepata habari huko Masasi?"

"Sikupata habari yoyote. Mimi sijui kama Yohana amekufa. Sitasema amekufa, na nguo nyeusi sitavaa. Lakini wewe ni mama yake, una haki ya kumlilia. Nitakaa nawe mkekani mpaka mwisho."

Yule mzee aliupapasa mkono wake mpaka akaupata, akaushika. Hakusema asante, na Agatha hakuingoja.

Matanga yaliwekwa korosho zilipokwisha kuuzwa. Katekista alikuja akasali, na kwa kuwa Agatha alimwomba, alimtaja Yohana kwa jina lake tu, bila kuongeza neno marehemu. Cuthbert hakupendezwa. Alimnong'oneza mama yake kwamba watu watasema, mke gani huyu kakaa msibani na kitenge cha maua.

"Mwache," Bibi Ida alisema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Yupo hapa. Mwache."

Kisha akalia. Alilia kwa muda mrefu, kilio kilichokaa ndani miaka mingi na kuchacha, wanawake wakimshika mabega, Agatha akimfuta uso kwa upindo wa kitenge. Agatha hakulia. Alihofu kwamba kilio kile kingekata kitu ndani yake, lakini hakikukata. Alibaki vilevile, anangoja, ila hakuwa peke yake tena katika chumba cha kungojea.

Jioni, wageni wakiwa wanakula, Bibi Ida aliegemea ukuta, akaanza kusema. Tangu Yohana aondoke, hakuna aliyewahi kumsikia akimsimulia mwanawe. Siku zote alikuwa akimtaja jina tu, basi.

"Huyu nilimzaa njiani," alisema. "Nilikuwa natoka bondeni kuchota maji, mtungi kichwani. Uchungu ukanishika katikati ya mteremko. Wenzangu wakaniambia mwaga maji. Nikakataa kumwaga, maana nilitembea tangu alfajiri kuyapata."

Wanawake wakacheka. Agatha hakuwahi kuisikia habari hiyo. Yohana mwenyewe hakuwahi kumwambia, labda hakuijua.

"Sasa ikawaje, mama?" aliuliza, akasogea karibu ili asipitwe na neno. "Mtungi mliushusha?"

"Ngoja nikwambie," alisema Bibi Ida.