Tiketi Mbili

Ndege ndogo iliyotoka Pemba iligusa ardhi ya Unguja saa saba na dakika tano mchana, na Amne alikuwa keshafungua mkanda wa kiti kabla magurudumu hayajatulia. Rubani aligeuza shingo, akamtupia jicho. Abiria walikuwa kumi na wawili, na katika hao wote yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ndege nyengine ya kuwahi: ya Maskati, na kutoka Maskati kwenda Chennai, Bara Hindi. Hiyo inaruka saa nane u nusu. Kaunta yake inafungwa saa saba u nusu. Zimebaki dakika ishirini na tano.

Alitakiwa awe ameshafika tangu saa tano. Lakini Pemba kulikucha na mvua ya masika, nzito, isiyo na dalili ya kuanuka. Ndege ikachelewa kuja, na ilipokuja ikachelewa kuondoka. Amne akapitisha saa mbili na zaidi katika ukumbi wa kungojea akiinuka, akikaa, akienda dirishani na kurudi, mpaka watoto wa watu wakaanza kumwangalia yeye badala ya kuangalia mvua.

Tiketi zake zilikuwa mbili, kila moja mbali na mwenziwe. Ya Hindi alikatiwa na Zuleikha, mke wa kaka yake, pamoja na yake Zuleikha na ya kaka mwenyewe. Ya Pemba alijikatia mwenyewe, na siku ile mkata tiketi alimtahadharisha: "Ingekuwa tiketi moja, ukichelewa wangekutafutia njia. Hizi mbili hazijuani. Hii ikichelewa, ile haina habari nawe. Vuka siku moja kabla, dada." Zuleikha naye alimsihi, "Wifi, njoo mapema, ulale kwetu Mbweni, asubuhi tuondoke sote." Amne akajibu kuwa ana mitihani ya kusahihisha. Mitihani yenyewe alishaimaliza. Hakutaka tu kulala nyumbani kwa Mansour.

Mansour alikuwa kaka yake wa baba mmoja na mama mmoja, kamzidi miaka tisa. Walizaliwa Vuga, wakakulia huko huko mjini. Baba yao alipokufa, Mansour ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye haki ya kumuozesha. Akaja Usi, mwalimu wa hesabu, mtu wa Mkokotoni, akaleta posa. Mansour akakataa, tena hakukataa kwa siri. Alisema pale pale barazani, wazee wa Usi wamekaa na kahawa mkononi, kwamba yeye hana dada wa kumpa mtoto wa muuza pweza. Amne akenda kwa kadhi, kadhi akamuozesha. Wiki ile ile yeye na mumewe wakahamia Pemba kusomesha. Miaka kumi na moja sasa, watoto watatu, na Mansour hajawahi kulitaja jina la Usi. Akibanwa sana husema, "huyo bwana."

Kisha figo za Mansour zikafa, zote mbili. Akawa mtu wa kulazwa kwenye mashine kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ndugu wakapimwa, wanawe wakapimwa, na aliyeonekana anaweza kumpa figo ni Amne. Wahenga walisema ndugu ni kufaana, si kufanana. Majibu ya maabara yakasema hawa wawili wanafanana mno. Zuleikha alipopiga simu akilia, Amne alisema, "Ntampa," kabla hata hajavuta pumzi. Na toka siku hiyo hakupata usingizi wa maana. Kila akilala hujipapasa ubavuni, akawaza kisu, akawaza wanawe, akawaza baraza ile na vikombe vile vya kahawa. Usi alimuuliza mara moja tu, "Una hakika?" Alipojibu kuwa anayo, Usi akashusha begi la safari kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi.

Sasa Amne alikuwa amesimama katika chumba cha mizigo cha jengo la ndege za ndani, akingojea begi hilo hilo. Laiti tiketi ingekuwa moja, begi lingejipeleka lenyewe. Kwa hizi mbili ilikuwa lazima alichukue, atoke nje, aende jengo la pili, la ndege za nje, aanze upya kama mtu aliyetoka nyumbani.

Mkokoteni wa mizigo ulikuja saa saba na dakika kumi na mbili. Mpagazi mmoja mzee, ndevu nyeupe, aliyeandikwa jina la Sheha kifuani, alishusha mizigo akaipanga sakafuni mmoja mmoja. Watu wakajitwalia vyao. Ndoo ya samli ikaondoka, boksi la matunda likaondoka, mikoba ikaondoka. Likabaki begi moja la kahawia lenye kitambaa chekundu kwenye mpini wake.

Amne aliliangalia. Miguu yake, iliyokuwa haitulii tangu alfajiri, ikatulia ghafla kama iliyotiwa msumari.

"Mwanangu," Mzee Sheha alimwita, "hili si lako?"

"Silo langu," alijibu Amne.

Aliyasikia maneno yale kama yaliyosemwa na mtu mwengine nyuma yake. Mzee akaangalia huku na huku. Chumbani hamkuwa na abiria mwengine. Akakuna ndevu, akarudi kwenye mkokoteni wake bila ya kuuliza tena.

Haikuwa jambo alilolipanga. Lilimjia tu, nalo lilikuwa tamu: akisimama hapa dakika kumi zaidi, basi imekwisha. Hatakuwa amekataa. Itakuwa mvua. Nani wa kumlaumu mtu kwa mvua? Atarudi Pemba, nyumbani Wete, jioni, wanawe watamrukia, na ubavu wake utabaki mzima. Mara wazo jengine likafuata nyuma yake kama kivuli: Mansour alisafishwa damu jana, na huko Chennai kitanda chake kimeshawekwa. Leo akikosa kupanda, hakuna ajuaye lini atakuwa na nguvu ya kupanda tena.

Simu ikalia. Alidhani ni Zuleikha, kumbe Mansour mwenyewe.

"Ushatua?" Sauti yake ilikuwa nyembamba, kila neno linatoka na pumzi yake.

"Nshatua."

"Begi ushapata?"

Amne akaliangalia begi. "Bado."

Nyuma ya Mansour ilisikika sauti ya mwanamke ikitangaza safari kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu.

"Amne, nisikilize, sina pumzi ya kusema mara mbili. Kama begi halikuja, halikuja. Mvua imenyesha, ndege imechelewa, kila mtu anajua. Mimi mwenyewe ntawaambia watu ilikuwa mvua."

"Unasema nini, kaka?"

"Nasema mtu angenifanyia mimi kama nlivyokufanyia wewe, nisingekuja. Rudi kwa wanao. Nshakusamehe."

Kama angemwomba, pengine Amne angebaki amesimama pale pale. Kama angelia, pengine vilevile. Lakini neno lile la mwisho lilimpanda kichwani kama pilipili.

"Unanisamehe?" alisema, na sauti yake ikajaa chumba kizima. "Wewe, Mansour, unanisamehe mimi? Siku nliyokutaka uwe walii wangu ulinikatalia mbele ya watu. Leo usijitie uwalii ukaniamulia nende au nirudi. Ntaamua mie! Na begi lishafika zamani, hili hapa nnaliangalia!"

Akakata simu. Akalinyanyua begi.

"Kumbe lako?" Mzee Sheha alisema.

"Langu, baba. Nisamehe."

"Kimbia, mwanangu."

Nje mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu, lakini maji yalikuwa yametuama kila mahali. Amne aliingia katika teksi ya kwanza aliyoiona, begi mapajani. "Jengo la ndege za nje. Upesi, kaka yangu, upesi!"

"Ni hapo tu, dada," dereva alisema huku akiwasha gari, "ila leo hapo pamekuwa mbali."

Alisema kweli. Walipozunguka kona tu wakakuta magari yamefungana. Basi la watalii lilikuwa limezimika katikati ya dimbwi, na nyuma yake kila gari linapiga honi na hakuna linalosogea. Saa saba na dakika ishirini na mbili. Amne alishika kitasa, akakiachia, akakishika tena. Saa saba na dakika ishirini na tatu. Mapaa ya jengo aliyaona kwa macho yake.

"Nashuka."

"Na begi hilo? Huwezi kukimbia nalo."

"Lipeleke Mbweni. Nyumba ya Mansour Khelef, nyuma ya msikiti, muulize binti yake, anaitwa Nusrat, atakulipa."

"Dada, hata jina langu hulijui!"

"Nani jina lako?"

"Gharib."

"Haya, Gharib, nshakujua," alisema Amne, na mlango ulikuwa umeshafunguka.

Alivua viatu, akapandisha buibui kwa mkono mmoja, mkoba wenye pasi na karatasi za hospitali akaukumbatia kwa mkono wa pili. Alipita kando ya basi, maji yakimfika vifundoni. Watalii walimwangalia kupitia vioo. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwalimu, mama wa watu, anakimbia pekupeku kama mtoto aliyetumwa chumvi. Kifua kilimwaka. Alijaribu kusoma dua ya safari, akaikosa katikati, akarudia mwanzo, akaikosa tena pale pale.

Mlangoni askari akamtaka tiketi. Tiketi ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa imelowa. Kila akiigusa inafungua picha za wanafunzi wake. Akaipangusa kwa mtandio, ikagoma. Akaipangusa tena.

"Taratibu, dada," askari alisema.

"Taratibu sinayo," Amne alijibu, na ndipo tiketi ikafunguka.

Ukumbi ulikuwa mpana na mkavu. Saa ya ukutani ilionesha saa saba na dakika thelathini na tatu. Kaunta za safari ya Maskati zilikuwa zimezimwa taa, zote isipokuwa moja, na mbele ya hiyo moja alikuwako Mansour.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mara ya mwisho alipomuona, miaka miwili nyuma, alikuwa mtu wa kujaa mlango. Sasa shingo yake ilikuwa imepotea ndani ya kola ya shati. Mifuko yote ya koti lake ilikuwa imetolewa nje. Karatasi zilikuwa zimetapakaa mapajani, na mpita njia yeyote angemdhania ni mzee aliyechanganyikiwa.

"Mzee wangu," msichana wa kaunta alikuwa akisema, "nshaanza kufunga. Pasi zenu ziko wapi?"

"Subiri, mwanangu, ilikuwa hapa hapa. Labda mfuko wa ndani. Hebu subiri."

Zuleikha alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono ndani ya buibui. Alipomuona Amne, aliachia ukelele mdogo. Mansour akainua kichwa. Akamwangalia dada yake toka nywele zilizotoka kwenye mtandio mpaka miguu yenye tope, kisha akaacha kujipekua.

"Zuleikha," alisema kwa upole, "hebu tazama, labda unazo wewe."

Zuleikha akatoa mikono ndani ya buibui, na pasi mbili zilikuwamo kiganjani.

Msichana wa kaunta aliziangalia pasi, akamwangalia Mansour, akamwangalia Amne anayetweta na viatu mkononi. "Huyu ndiye wa tatu?" aliuliza. "Lete pasi. Begi?"

"Sina."

"Chennai bila ya begi?"

"Bila ya begi."

Walipokuwa wakisukuma kiti kuelekea uhamiaji, Zuleikha alimnong'oneza: "Pasi nlishaziweka juu ya kaunta, wallahi. Ulipomkatia simu tu akazichukua, akanipa, akaniambia nizifiche. Dakika kumi na tano anajipekua. Nimeona haya mimi!"

Amne akainama sikioni mwa kaka yake. "Si uliniambia nirudi?"

"Nlikwambia."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?"

"Pasi," alisema Mansour, bila ya kugeuka.

Katika ukumbi wa ndani, watu walipokwishaanza kupanga foleni ya kuingia ndegeni, Mansour alinyoosha mkono. "Nipigie mumeo."

Amne alisita, kisha akapiga. Usi alipokea kabla ya mlio wa pili: "Umewahi?" Akamjibu, "Nimewahi. Kuna mtu anakutaka," akampa Mansour simu.

Mansour aliishika kwa mikono miwili. Akaisogeza sikioni, akaiondoa, akairudisha, na Amne akaona kuwa kaka yake naye ana woga kama wake.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Mansour hapa. Nna maneno nawe, lakini si maneno ya simu. Mungu akinirudisha, ntakwenda Mkokotoni kwa baba yako kwanza. Ntamtaka radhi yeye, pale pale barazani kwake, na watu wawepo. Kisha ntavuka nije kwako." Akasikiliza. Akatikisa kichwa mara kadhaa kama kwamba Usi anamuona. "Insha'Allah. Ntamtunza. Nasema ntamtunza." Akarudisha simu, akafuta macho kwa pindo la koti, akasema koti lile lina vumbi.

Waliruka saa nane na dakika arubaini. Amne alikaa dirishani, nguo zimemgandia mwilini, miguu bado ina mchanga. Alijifunga mkanda, akaufungua, akajifunga tena. Chini yake Unguja iliingia ndani ya wingu ikapotea.

"Naogopa, kaka," alisema.

Mansour alikuwa amefumba macho. "Na mimi," alisema. "Tangu siku ile uliyosema utanipa."

Mbele yao kulikuwa na Maskati, na baada yake Chennai, na vipimo vya wiki nzima kabla ya daktari kushika kisu. Amne alijua kuwa usingizi hautamjia leo wala kesho. Alimwita mhudumu, akaomba blanketi mbili, moja akajifunika mwenyewe, ya pili akamfunika kaka yake magotini.