Mstari Usiojibiwa

Sethunya Kgari hakuwa mtu wa kuimba, lakini asubuhi ile ya Mei aliimba, tena nyimbo za kanisani, mlango wa ofisi akiwa ameuacha wazi ili kila apitaye asikie. Makala yake ilikuwa imekubaliwa. Wala si na jarida la vichochoroni linalomsifu kila aliyelipa ada, bali na lile kongamano la nadharia ya ujifunzaji wa mashine ambalo wenzake pale Gaborone walikuwa wakilitaja kwa sauti ya chini. Watu wazima, wenye ndevu na shahada, walikuwa wametuma humo miaka nenda miaka rudi wakaambulia "tunasikitika".

Idara ya hisabati ilikuwa na sharti moja lisilo na huruma: hakuna kutetea shahada ya uzamivu bila makala iliyokubaliwa katika kongamano linalojulikana. Sethunya alikuwa amefundisha miaka mitano kwa mkataba wa muda, na mkataba wenyewe ulikuwa ukiisha Julai. Bila shahada, hana kazi. Sasa sharti limetimia, tarehe ya kutetea imepangwa, na saa nne kamili idara nzima ingekusanyika kunywa chai ya kumpongeza.

Mma Keitseng, katibu wa idara, alichungulia mlangoni akiwa amekumbatia beseni la magwinya, yale maandazi ya mviringo, yakiwa ya moto.

"We Sethunya, unaimba au unalia? Huku nje hatujui tukupe hongera au tukupe pole."

"Naimba, Mma."

"Basi acha. Mungu alikupa hesabu, sauti akampa mwingine. Chukua gwinya moja ule kabisa, mkuu wa idara ameandika hotuba ya kurasa tatu."

Sethunya alichukua mawili. "Profesa Mosweu ameshafika?"

"Yupo ofisini kwake, kajifungia. Uso umemshuka kama mtu aliyefiwa na fahali. Tangu habari zije hajasema hata 'Pula!' ya kukupongeza. Wivu huo, mdogo wangu. Wazee nao wanaona wivu, usidanganyike na mvi."

Sethunya alicheka, ila maneno yale yalimchoma, kwa sababu naye alikuwa akiyawaza. Profesa Tirelo Mosweu alikuwa msimamizi wake na mwandishi mwenzake wa makala ile. Kwa miaka alimwita "mwanangu", naye Sethunya akimwita "Rra", yaani baba; mzee akamletea maziwa lala kutoka kwa ng'ombe wake, akamtetea kwenye vikao. Lakini tangu Februari alikuwa amebadilika. Sasa ni salamu kavu, "Dumela, Mma Kgari", "Kwaheri, Mma Kgari", kama vile wamekutana benki. Alikuwa anastaafu Juni, na katika maisha yake yote hajawahi kuingia kongamano lile. Mwanafunzi amemwingiza mwalimu, na mwalimu ameona aibu. Ndivyo Sethunya alivyojieleza, akaridhika na maelezo yake.

Ilikuwa imebaki kazi moja ndogo, kulisafisha faili. Makala za fani yao, zenye theoremu na uthibitisho wake hatua kwa hatua, huandikwa ndani ya faili moja ambalo waandishi wote hulifungua, kila mtu kwenye kompyuta yake. Mstari ukianza kwa alama ya asilimia hauchapwi. Hubaki humo ndani, wakauona waandishi peke yao. Waandaaji wa kongamano walitaka walipate faili lenyewe, nao wangelianika mtandaoni kwa ulimwengu mzima, kwa hiyo mistari ya siri yote ilipaswa kufutwa kabla ya saa sita mchana.

Na ilikuwa mingi. Miaka miwili Sethunya na mzee wake walikuwa wameongea humo kuliko walivyoongea kwa midomo. Alianza kufuta huku akicheka peke yake.

"Mwanangu, hapa weka mkato."

"Rra, mkato haubadilishi theoremu."

"Haubadilishi theoremu, unambadilisha msomaji."

"Leo nasoma kurasa kumi tu. Ng'ombe watatu wamepotea."

"Umejumlisha vibaya. Kunywa maji kwanza."

Akafika Januari, kwenye mstari wake mwenyewe: "Rra, nakuheshimu, lakini mikato yako itaniua. Kuanzia leo nisipokujibu, jua nimesoma na nimekataa. Usiniulize mara ya pili." Chini yake mzee alikuwa amejibu neno moja: "Sawa."

Cheko lilipungua kidogo. Kwa sababu siku ileile aliyoweka amri hiyo, Sethunya alifanya jambo jingine ambalo hakumwambia mzee: aliipangia kompyuta yake imfichie mistari yote ya siri, afanye kazi kwa amani. Alijiambia ataipitia mwishoni. Mwisho ulipokuja alikuwa mbioni, akasahau. Leo, ili aifute, ndiyo mara ya kwanza kuifunua tangu Januari. Mikato, mikato, nafasi, mkato. Alifuta bila hata kusoma vizuri, mpaka ukurasa wa thelathini na moja.

Mstari ulikuwa na tarehe. Ijumaa ya Februari, saa kumi na moja alfajiri, siku yenyewe ya kutuma.

"Mwanangu, hapa pana shimo. Hatua ya nne inatumia mifano ileile mara mbili: kwanza kuchagua kanuni, kisha kuipima kanuni hiyohiyo. Nimejaribu kuigawa mifano nusu kwa nusu. Jibu linarudi lilelile la watu wa zamani. Theoremu haisimami. Sasa hivi naondoka kwenda kumzika dada yangu, simu nitaizima mpaka msiba uishe. Ushauri wangu tusitume. Lakini makala ni yako, na uamuzi ni wako."

Sethunya alisoma mara moja. Akasoma tena. Kisha akavuta karatasi, akaiandika hatua ya nne kwa mkono, polepole, kama anavyowaamuru wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Haikumchukua hata dakika kumi. Mzee alikuwa sahihi. Alichokifanya Sethunya katika hatua ile ni sawa na mwalimu aliyewafundisha watoto majibu, akawapa mtihani wa maswali yaleyale, kisha akasimama mbele ya wazazi kujisifu kwamba wote wamefaulu. Wahakiki watatu wameipitia na hakuna aliyeona.

Na tusimpambe: wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kufuta. Ni mstari mmoja tu kati ya mia tatu. Akiufuta, hakuna ushahidi duniani. Alikiweka kidole juu ya kitufe, na kidole kikakaa pale muda mrefu kuliko inavyofaa kusimuliwa.

Kilichomtoa ni kumbukumbu. Jumanne baada ya mazishi, mzee alikuwa amesimama mlangoni pale, kofia mkononi, macho mekundu. "Mwanangu, uliona nilichokuandikia?" Naye Sethunya, makala ikiwa imeshatumwa siku nne, akidhani mzee anasema habari za mikato, alijibu kwa adabu ya kumwondoa mtu: "Nimeona yote, Rra." Mzee aliigeuza kofia mkononi. Akasema, "Haya, Mma Kgari." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Tangu siku ile hajamwita mwanangu tena.

Sethunya alijishika kinywa. Kumbe haukuwa wivu! Mzee alikuwa amemwonyesha shimo, na yeye, kwa kadiri mzee alivyojua, alilitazama, akalinyamazia, akatuma uongo akijua ni uongo. Miezi mitatu mizima alikuwa akipita mbele ya mtu anayemwona mwizi, naye akimwonea huruma kwa wivu wake.

Alitoka mbio na kompyuta kifuani. Kwenye korido Mma Keitseng alimpungia kitambaa cha meza. "Unakwenda wapi tena? Dakika ishirini tu!" Alimpita bila kusimama.

Profesa Mosweu alikuwa amekaa mezani, koti na kofia vyote mwilini, kama abiria.

"Dumela, Mma Kgari. Hongera kwa siku ya leo."

"Rra, sikuusoma."

"Hukusoma nini?"

"Mstari wako. Wa ukurasa wa thelathini na moja. Nimeusoma leo, sasa hivi, nusu saa haijapita."

Mzee alimtazama kwa uchovu. "Mma, usinifanyie hivyo. Nilikuuliza kwa kinywa changu. Ukaniambia umeona yote."

"Nilikudanganya! Nilidhani ni mikato. Nilikuwa nimeificha, Rra, mistari yako yote, tangu Januari. Kompyuta ilikuwa hainionyeshi hata mmoja." Aliiweka kompyuta mezani, akamwonyesha namna mistari inavyofichwa na inavyofunuliwa, inapotea, inarudi, inapotea. "Hivi ndivyo nilivyokuwa naiona makala. Hivi. Hewa tupu."

Mzee aliinama akatazama. Akanyoosha kidole akabonyeza mwenyewe. Mistari ikapotea. Akabonyeza tena, ikarudi.

"Ulinizima," alisema.

"Nilikuzima, Rra."

"Kama redio."

Machozi yalikuwa yakimtoka Sethunya, naye alikuwa na hasira nayo. "Na wewe! Miezi mitatu ulidhani nimeiba, ukaniamkia kila asubuhi? Kwa nini hukunigombeza? Kwa nini hukuwaandikia waandaaji wakaiondoa? Na jina lako limo!"

"Uliniambia nisikuulize mara ya pili. Nikakuuliza mara ya pili hata hivyo, ukanijibu. Mara ya tatu niliogopa." Alivua kofia, akaiweka juu ya goti. "Niliogopa kukusikia ukisema ndiyo."

Alifungua droo, akatoa bahasha isiyofungwa, akamsukumia. Ndani mlikuwa na barua ya aya moja kwa mwenyekiti wa kongamano, imepigwa chapa, imetiwa saini, tarehe ya mwisho wa Juni. Ilisema theoremu ina kosa, kosa ni la Mosweu peke yake, na kwamba mwanafunzi wake hakulijua.

"Nilikusudia kuituma nikishastaafu," mzee alisema. "Wewe ungekuwa umeshatetea, kazi umepata. Mimi wangenifanya nini, waninyang'anye ng'ombe? Lakini ile sentensi ya mwisho, kwamba hukujua, ilinichukua wiki nzima. Sijawahi kutia saini uongo, Mma."

Sethunya aliitazama sentensi ile, na saini iliyoyumba chini yake. Kilichomshtua asubuhi nzima kilikuwa kidogo mbele ya hiki. Mzee huyu, aliyewahi kurudisha makala nzima kwa sababu ya nukta, alikuwa amekubali kufa na doa kwa ajili ya mtu aliyemwona mwongo.

"Si uongo, Rra," alisema. "Uliandika ukweli bila kujua."

Mzee aliichukua barua, akaisoma tena kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Kisha alifunika macho kwa kofia, mabega yakamtikisika, na Sethunya hakujua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Nje viti vilisikika vikiburutwa. Watu walikuwa wanajaa.

"Sikiliza," mzee alisema alipopata sauti. "Tutume hii yangu leo, basi. Ni kweli, umesema mwenyewe. Wewe utaokoka."

"Utetezi ni wa makala hii, Rra. Nikasimame mbele ya watu nitetee nini?"

"Mkataba wako unaisha Julai."

"Najua unapoisha."

Alivuta kiti, akakaa upande wa mzee, akaanza kuandika. Alikuwa anakosea herufi na kurudi. Alipomaliza alimgeuzia kompyuta.

"Tunaiondoa makala yetu. Theoremu kuu si kweli. Kosa liko ukurasa wa thelathini na moja. Mosweu aliliona kabla hatujatuma, akamwandikia mwenzake. Kgari hakusoma akasema amesoma."

"Haijaisha," mzee alisema. Akaisogeza kompyuta kwake, akachapa kwa kidole kimoja: "Mosweu alijua makala imetumwa ikiwa na kosa, akanyamaza miezi mitatu."

"Rra, hiyo si lazima."

"Ni lazima kuliko yako."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja, ndivyo Mma Keitseng anavyogonga. "Jamani! Mkuu wa idara ameshasimama na karatasi zake, chai inapoa, na mwenye sherehe..." Aliona nyuso zao. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mma," Sethunya alisema. "Mwambie mkuu aikunje hotuba. Nakuja kuwaambia mwenyewe."

Mma Keitseng alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akaufunga mlango polepole.

Sethunya aliurudisha mkono kwenye kitufe cha kutuma. Mwaka mwingine, labda miwili. Theoremu nyingine, ambayo hakuwa hata na mbegu yake. Julai pasipo mshahara. Aliyahesabu yote, na mkono ukabaki hewani.

Mzee alikuwa bado ameinamia maandishi, miwani puani, midomo ikisoma kimyakimya kutoka juu.

"Ngoja," alisema. Kidole chake kilichokunjamana kilishuka mpaka sentensi ya tano, kikagusa kioo baada ya neno "hakusoma". "Hapa weka mkato, mwanangu."

Sethunya aliweka mkato, kisha akatuma.