Rangi Nyeupe kwenye Nguzo

Wendell Crabb alitaka barabara kuu ipite mlangoni pake, liwalo na liwe. Enzi hizo jimbo la Nevada, kule Marekani, lilikuwa vumbi tupu. Madereva walifuata alama zilizopakwa kwenye nguzo za simu, na njia iliyopendwa na magari ndiyo jimbo lingeijenga. Njia ya zamani ilizunguka mlimani. Wendell akakwangua alama za kule, akapaka rangi nyeupe kwenye nguzo zilizokata katikati ya ziwa kavu, moja kwa moja hadi gereji yake. Ujanja mtupu!

"Na mvua ikinyesha, ziwa si litageuka tope?" mkewe Almeda aliuliza.

"Mvua? Hapa? Mke wangu una vituko wewe!"

Magari yakaja kweli. Almeda naye akaacha kuuliza, maana pai alizowauzia madereva zilikuwa zinakwisha kabla ya adhuhuri.

Mwezi Machi binti yao Loretta akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na damu haikati. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu alfajiri. Wendell akampigia simu daktari wa mji wa pili.

"Njoo upesi, bwana daktari, mwanangu anakufa! Njia? Fuata rangi nyeupe tu, itakuleta mpaka mlangoni."

Maneno yaleyale aliyozoea kumwambia kila dereva. Almeda alikuwa anakamua kitambaa, akaganda.

"Wendell! Ziwa!"

Wendell akapiga simu tena. Mke wa daktari akajibu kwamba mumewe ameshaondoka.

Wendell akarukia farasi. Almeda akabaki ameshika mkono wa binti yake.

"Mama, anakuja?"

"Anakuja, mwanangu. Yuko njiani."

Roho ilimuuma kusema hivyo. Daktari alifika jioni juu ya farasi wa Wendell, tope hadi kifuani. Gari lake lilikuwa limezama katikati ya ziwa. Loretta alishakata roho, na mtoto wake pia.

Baada ya miaka miwili jimbo likajenga barabara juu ya tuta la mawe, likavuka ziwa kwa kufuata nguzo za Wendell. Wakubwa wakaja na bendi. Mmoja akamkabidhi Wendell brashi na ndoo ya rangi nyeupe, apake nguzo ya kwanza apigwe picha. Wendell akageuka kumtazama mkewe.

"Paka," Almeda alisema. "Si ndiyo barabara uliyoitaka? Paka!"

Wendell akapaka huku machozi yakimtiririka. Watu wakadhani ni furaha, wakapiga makofi.